Alipanda Mlima Usiokuwepo

Grafu yenyewe, ya zoezi la kutunga kisa katika kipindi cha Hisabati, ni ya kawaida. Mstari wa chini ni muda, dakika 0 hadi 60. Mstari wa wima ni umbali kutoka nyumbani, kilomita 0 hadi 2. Mchoro unapanda kwa dakika 30 mpaka kilomita 2, unalala bapa kwa dakika 15, kisha unateremka mpaka sifuri kwa dakika 15 za mwisho. Chini yake kuna agizo moja: tunga kisa cha safari hii kwa maneno yasiyozidi 100.

Insha ambayo mwanafunzi mmoja aliiandika chini ya grafu hiyo inaanza hivi:

"Kijana aliupanda mlima huku jasho likimchuruzika. Alipofika kileleni alikuta uwanda, akatembea taratibu akipunga upepo. Kisha akateremka upande wa pili mbio, magoti yakimtetemeka."

Lugha safi. Sentensi zimeshikana, picha inaonekana, hakuna neno la kupunguza. Mwalimu wa lugha angetoa 9 kwa 10 bila kusita.

Tatizo ni kwamba kwenye ile grafu hakuna mlima.

Kijana wa grafu alitembea kilomita 2 kwa nusu saa, akasimama mahali pamoja robo saa nzima, akarudi nyumbani kwa spidi maradufu. Kijana wa insha ameishia ng'ambo ya mlima, wakati grafu inasema yuko mlangoni kwao.

Kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa, lakini, si kosa hilo. Ni kwamba juu kidogo, kwenye karatasi ileile, mwenye insha alikuwa amekokotoa spidi za sehemu zote tatu. 2 ÷ 0.5 = 4. Kisha 0 ÷ 0.25 = 0. Kisha 2 ÷ 0.25 = 8. Zote amepata, zote zimewekewa alama ya vema.

Ameandika kwa mkono wake kwamba spidi ni sifuri, halafu mistari sita baadaye akamtembeza kijana juu ya uwanda.

## Hesabu inaficha, kisa kinaumbua

Walimu wa Hisabati wanalijua kosa hili: kusoma grafu kama picha. Mstari ukipanda, mtu anapanda. Mstari ukilala, ardhi ni tambarare. Ni kosa la zamani na halina uhusiano na uvivu.

Ila ukokotoaji hauwezi kulifichua. Kanuni ya umbali kugawanya kwa muda haimdai mwanafunzi ajue nani yuko wapi. Inadai namba mbili na alama ya kugawanya. Kisa kinadai zaidi: huwezi kuandika sentensi ya pili ya safari bila kuamua kijana amefika wapi, anafanya nini, na anaelekea upande gani.

Liping Ma, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, aliwaomba walimu wa shule za msingi wa Marekani na China watunge kisa cha hesabu ya 1¾ ÷ ½. Wengi wa walimu wa Marekani walitunga kisa cha kugawanya kwa 2, au cha kuzidisha, au walishindwa kabisa. Wengi wa China waliweza. Jaribu mwenyewe kabla hujasoma mbele.

Kisa kimoja kinachofaa ni hiki: kuna kamba ya mita 1¾, inakatwa vipande vya nusu mita. Vinapatikana vipande vingapi? Jibu ni 3½. Na papo hapo kisa kinatega mtego wa pili, kwa sababu wengi wataandika "vipande vitatu, ikabaki nusu mita". Haikubaki nusu mita. Imebaki robo mita, ambayo ni nusu ya *kipande*. Neno "nusu" limeulizwa swali ambalo namba peke yake haikuwahi kuliuliza: nusu ya nini?

Uandishi wa kubuni unapata haki yake ya kuingia katika kipindi cha Hisabati hapo. Kufurahisha darasa ni jambo jingine, na mara nyingi hata haufurahishi. Kuna wanafunzi watakaonung'unika kwamba insha ni za mwalimu wa lugha. Haki yake inatokana na kisa kukwama palepale uelewa ulipokwama, kukwama kunakoonekana kwa macho.

## Tone la maji lililochoka

Sasa shaka yangu. Kama uandishi huu una makali hivyo, mbona mwingi unaofanyika kwenye masomo haya hauumbui chochote?

Chukua "Mimi ni tone la maji", insha ambayo pengine ndiyo iliyoandikwa mara nyingi kuliko zote katika vipindi vya Sayansi. Inakwenda hivi: nilikuwa baharini, jua likaniita, nikapaa angani, nikakutana na wenzangu, tukawa wingu, tukalemewa, tukaanguka. Mwalimu anaweka vema, michoro ya rangi inabandikwa ukutani, kila mtu ameridhika.

Ukiisoma kwa jicho la somo, karibu kila kituo kina kasoro. Tone halipai likiwa tone. Maji hugeuka mvuke, na mvuke hauonekani. Wingu tunaloliona si mvuke bali ni vitone vya maji (au barafu). Mvuke haugeuki kitone hivihivi hewani, unahitaji kitu cha kushika, kama vumbi au chembe ya chumvi ya bahari. Kitone cha wingu kina kipenyo cha takriban milimita 0.02, na tone la mvua la kawaida lina milimita 2 hivi. Kipenyo kimezidi mara 100, kwa hiyo ujazo umezidi mara 100 × 100 × 100. Vitone milioni moja ili kupata tone moja la mvua.

Kwa hiyo aliyeanguka siye aliyepaa.

Hapa ndipo insha ilipaswa kuwa ngumu, na hapa ndipo ilipopita mbio. Agizo lilisema "eleza safari yako", mwanafunzi akaeleza safari. Libadilishe kidogo: *Andika safari ya maji kutoka bahari hadi ardhi. Kiambishi cha nafsi kibadilike angalau mara mbili, ni- kuwa tu- na tu- kuwa ni-. Kila kinapobadilika, sababu yake ionekane ndani ya kisa.*

Sasa mwanafunzi hawezi kukwepa. Tone likivukizwa linatawanyika. Hakuna tena "nilipaa", kuna "tulipaa, kila mmoja na njia yake". Vitone vikigongana na kuungana, "sisi" inarudi kuwa "mimi", lakini mimi mwingine. Atakayeandika "nilipaa" mpaka mwisho amekwambia, bila kuulizwa swali la mtihani, kwamba kwake uvukizi ni lifti.

Kiambishi kimoja cha Kiswahili kimebeba fizikia ambayo mchoro wa mishale haukuibeba.

## Mpe sauti, usimpe hiari

Pingamizi kubwa la walimu wa Sayansi ni hili: ukimruhusu mwanafunzi aseme "mimi ni mmea", kesho ataandika kwenye mtihani kwamba mmea unataka jua. Pingamizi hilo ni la haki. Shina haliinamii mwanga kwa sababu linautaka. Homoni ya oksini hujikusanya zaidi upande wenye kivuli, seli za upande huo hurefuka kuliko za upande wa pili, shina likapinda. Mwanafunzi aliyeandika "nikalitamani jua, nikalisogelea" ameruka sababu nzima na kuweka tamaa mahali pake.

Kwa muda mrefu jibu la kawaida limekuwa kupiga marufuku nafsi ya kwanza katika Sayansi. Nadhani dawa hiyo ni kali kuliko ugonjwa. Inatosha kanuni moja fupi, iandikwe ubaoni na ibaki hapo: *mpe sauti, usimpe hiari.* Kitu kinaruhusiwa kuona, kusikia, kulalamika, kushangaa. Hakiruhusiwi kuamua, kutaka wala kukataa.

Jaribu kanuni hiyo kwa chembe nyekundu ya damu. Ina upana wa takriban milimita 0.007 hadi 0.008, na baadhi ya kapilari ni nyembamba kuliko yenyewe, hivyo hulazimika kujikunja ipite. Haina kiini, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea vipuri ikichakaa. Inakamilisha mzunguko mmoja kwa kama dakika moja mwili ukiwa umepumzika, na inaishi siku 120 hivi. Mpe mhusika huyo sauti, mnyime hiari, uone kisa kinavyojiandika: mbebaji asiyechagua mzigo, anayesukumwa na chumba cha moyo, anayefungiwa mlango nyuma yake na vali kila anapopita moyoni, anayepita mapafuni mara elfu na zaidi kwa siku bila kupumzika hata mara moja, na anayejua (hapa sauti inafaa kweli) kwamba hakuna fundi.

Kumbe kumnyima hiari hakukuua kisa. Kumekipa huzuni.

Makosa yanajianika pia. Kosa la kawaida kabisa ni chembe kutoka upande wa kulia wa moyo na kwenda moja kwa moja upande wa kushoto, kana kwamba kuna mlango katikati. Kwenye mchoro wenye majina ya kujaza, mwanafunzi huyohuyo anapata yote, kwa sababu mchoro hauulizi "kisha nikaenda wapi?"

Jaribio la Jan Baptist van Helmont, lililochapishwa 1648, linafaa kwa namna hiyohiyo. Alipanda mti mchanga wa kilo 2 na ushei katika udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaunywesha maji miaka 5. Mti ukafika kama kilo 77. Udongo ulipungua chini ya gramu 60. Agizo: *udongo unaandika barua ya kujitetea, baada ya kushutumiwa kwamba ndio ulioliwa na mti.* Barua hiyo haiwezi kuandikwa bila namba. Utetezi wenyewe *ni* namba. Halafu swali la aya ya mwisho: kama si mimi, ni nani? Van Helmont alijibu kwamba ni maji. Alikosa nusu ya kesi, maana hakujua kwamba mmea hutumia kabonidayoksaidi ya hewani. Mwanafunzi wa leo anaweza kumalizia barua ambayo mwenye jaribio hakuweza.

## Neno moja ndani ya mizani nane

Kuna umbo ambalo Kiswahili kinalo tayari na masomo mengine hayalitumii ipasavyo. Utenzi. Mistari minne, mizani (yaani silabi) minane kila mstari, mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne una kina cha bahari kinachorudi ubeti baada ya ubeti. Tenzi zimebeba historia, maadili na mafundisho ya dini kwa karne nyingi. Hazitashindwa na uvukizi.

Tazama ubeti huu:

Jua linapochomoza,
maji huanza kucheza,
mvuke ukijikweza,
juu kwenye ubaridi.

Mizani imetimia, hesabu mwenyewe. Vina vimekaa. Lakini mwalimu wa Sayansi atazungushia duara neno moja: *huanza*. Chembe za maji haziwi zimelala usiku kucha zikingoja jua zianze kucheza. Zinacheza muda wote, na baadhi zinatoroka muda wote; ndiyo maana nguo zikianikwa usiku zinakauka pia, polepole. Jua linazidisha tu mwendo.

Marekebisho yanatakiwa yaingie katika mizani minane ileile, kwa kina kilekile cha -za. Mwanafunzi atahangaika. Atajaribu "maji yaongeza kucheza", yatakuwa mizani tisa. Mwishowe:

chembe huzidi kucheza.

Che-mbe-hu-zi-di-ku-che-za. Minane. "Maji" yamekuwa "chembe", "huanza" imekuwa "huzidi", na tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya aliyeelewa joto ni nini na ambaye hajaelewa.

Hii ndiyo sababu ninapendelea umbo lenye mipaka kuliko "andika unavyojisikia". Mwenye nafasi isiyo na ukomo huongeza sentensi. Mwenye mizani minane analazimika kuchagua neno, na huwezi kuchagua neno bila kujua unachosema. Hatari yake ni kina kumburuta mtunzi. Akikosa neno la kisayansi lenye -za, ataweka lolote lenye -za. Dawa ni kukusanya maneno ya somo kwanza na kuyapanga kwa silabi za mwisho kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa. Ubeti mmoja unatosha kwa kipindi. Beti tatu ni nyingi.

## Dakika 40, nusu karatasi

Mengi huharibikia kwenye muda, basi niweke hesabu wazi.

Insha ya maneno 400 kwa darasa la wanafunzi 45 ni maneno 18,000 ya kusahihisha. Hakuna mwalimu wa Kemia atakayefanya hivyo mara mbili. Kwa maneno 120, jumla ni 5,400, na kila karatasi inasomeka kwa dakika moja. Nusu karatasi, basi. Isizidi.

Kipindi chenyewe: dakika 6 za mwanzo darasa linajenga jedwali la ukweli ubaoni, kauli 5 tu, kila moja iwe na namba au jina ndani yake. Dakika 3 za kuamua mambo manne: nani anaandika, anamwandikia nani, kwa umbo gani, kuhusu nini. Kisha vitabu vinafungwa, jedwali linabaki, watu wanaandika dakika 14 kimya. Dakika 7 za kubadilishana karatasi na jirani. Dakika 7 za kuandika upya. Dakika 3 za kukusanya.

Katika yale mambo manne, linalosahaulika ni la pili, anamwandikia nani. James Britton na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1975, walichambua maandishi kama 2,000 ya wanafunzi wa sekondari na kuona kwamba sehemu kubwa yalielekezwa kwa mwalimu, naye mara nyingi akiwa mtahini. Kumwandikia mtahini ni kumwambia mtu jambo analolijua kuliko wewe. Hakuna haja ya kueleza, kuna haja ya kuonyesha tu kwamba umekariri. Badilisha msomaji, iwe chembe changa ya damu iliyotoka leo kwenye uboho na haijawahi kupita mapafuni, na mara moja kila istilahi inahitaji kufafanuliwa.

Jirani anayesoma asiulizwe kama kisa ni kizuri. Atasema kizuri. Apewe kazi mbili za mkono: apigie mstari zile kauli 5 anapozikuta, na aweke alama ya kuuliza mahali asipoweza kumwona mhusika yuko wapi. Katika dakika za kuandika upya, aya moja tu inaguswa, ile yenye alama ya kuuliza. Ukisema "andikeni upya yote" watanakili kwa mwandiko mzuri zaidi, basi.

Alama ni 8. Tano za ukweli, moja kwa kila kauli. Tatu za kazi ambayo ukweli huo unafanya ndani ya kisa, na kipimo chake ni kalamu: futa sentensi yenye ukweli. Kisa kisipoyumba, ukweli ule ulikuwa pambo. Wanafunzi wengi mwanzoni wanamwaga kauli zote 5 katika aya ya kwanza kama orodha ya vifaa, halafu ndipo kisa kinaanza, huru kabisa. Hao wanapata 5 na 0.

Tahajia mwalimu wa somo asiikate alama. Si kwamba haina maana. Ukiikata, mwanafunzi asiye na uhakika wa kuandika "usanisinuru" ataandika "mmea unajipikia", na hutajua kama hakujua neno au aliliogopa.

Halafu marufuku mbili. Isianze kwa "wahenga walisema". Na mhusika asizinduke mwishoni akagundua kumbe ilikuwa ndoto. Ndoto inafuta sheria zote za somo kwa sentensi moja, na wanafunzi wajanja wameligundua hilo zamani.

## Mtu asiyejua kesho

Jiografia nitaipitia haraka, kwa kuwa ramani inajisahihisha yenyewe. Mpe mwanafunzi ramani ya kontua (mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa) ya kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1, aandike safari ya mpanda mlima. Kanuni ya William Naismith ya mwaka 1892, ukiigeuza katika kilomita, inatoa saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 ya nyongeza kwa kila mita 600 za kupanda. Shujaa aliyekwenda kilomita 10 na kupanda mita 600 ametumia saa 3. Akifika kwa saa moja na mzigo mgongoni, mwambie mwandishi arudi kwenye ramani. Na akiufuata mto "kuelekea bondeni" huku ncha za V za kontua zikiwa mbele yake, anapanda, hashuki.

Historia ndiyo yenye mitego mizuri. Shajara ya askari, tarehe imewekwa 1915, inaanza: "Leo tuko katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia."

Ya kwanza anaijuaje? Wengi wa wakati ule waliiita Vita Kuu. Anayeihesabu kuwa ya kwanza, kwa kawaida ameshaiona ya pili. Na "katikati" nayo imetoka wapi, kama hajui mwisho ni lini?

Kosa hilo si la kukosa data. Mwandishi anajua tarehe zote. Anachokosa ni kutojua, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kulifundisha katika Historia: kwamba watu wa wakati ule walikuwa wanaamua gizani. Kanuni ya kipindi ni kwamba lolote lililotokea siku moja baada ya tarehe ya shajara ni haramu, na habari nayo ina mwendo wake. Napoleon, aliyewahi kuwa mfalme wa Ufaransa, alifariki katika kisiwa cha Saint Helena tarehe 5 Mei 1821; London ilipata habari mwanzoni mwa Julai. Mtu wa London aliyekuwa akiandika shajara mwezi Juni alikuwa anaishi katika dunia yenye Napoleon hai. Mwanafunzi akiandika ukurasa wa Juni, Napoleon awe hai ndani yake, kwa hofu zote za wakati huo.

Barua za watawala wakubwa siziamini sana kama zoezi. Mwanafunzi akiambiwa awe mfalme, anaandika hotuba. Akiambiwa awe karani anayenakili agizo la mfalme asubuhi na kurudi kwake jioni, analazimika kujua agizo lilimgusa nani.

## Pasipo pake

Kuna mahali zoezi hili halina kazi, na kulilazimisha kunaliharibia jina. Barua kutoka kwa namba 2 kwenda kwa namba 3 haina kinachoweza kukwama. Namba 2 inaweza kusema lolote. Kusawazisha milinganyo ya Kemia kunahitaji mazoezi, mengi, na kisa kinachelewesha tu. Mada mpya kabisa nayo isianze na kisa. Asiyejua kitu hubuni chochote, na alichokibuni kinamganda kuliko alichosomewa. Andikieni katikati ya mada, wakati mwanafunzi anadhani ameshaelewa.

Shaka ambayo sijaimaliza ni ya lugha. Mwenye lugha nyepesi anapendeza hata akikosea, kama yule wa mlima. Asiye na lugha hiyo, au anayesomea kwa lugha ambayo si yake, ataonekana hajui Sayansi kumbe hajui sentensi. Ile 5 kwa 3 ya alama inapunguza tatizo, haiondoi. Kumruhusu aandike rasimu ya kwanza kwa lugha anayowazia, istilahi za somo zikibaki zilivyo, kunasaidia zaidi, ingawa hapo mwalimu anaweza kujikuta na karatasi asizoweza kuzisoma, na kazi ya kupigia mstari zile kauli 5 ikabaki kwa jirani peke yake.

## Robo saa

Turudi kwenye grafu. Alama yake, kwa kipimo nilichokieleza, haiwezi kuwa 9. Lakini karatasi ile haihitaji alama kwanza, inahitaji swali moja pembezoni, kwenye dakika ya 30: *yuko umbali gani kutoka nyumbani sasa, na dakika ya 45 je?*

Kilomita 2. Na kilomita 2.

Basi hakutembea. Mlima unaondoka, na pahala pake panabaki shimo la robo saa ambalo grafu inalitaja bila kulieleza. Mtu ametembea nusu saa, amesimama dakika 15 hatua moja haendi, kisha amerudi alikotoka mbio. Kwa nini? Hapo mwalimu wa Hisabati hana jibu na hatakiwi kuwa nalo. Mto umefurika? Lango limefungwa? Amekumbuka jiko aliloliacha linawaka? Sababu yoyote inaruhusiwa, ilimradi iweze kumsimamisha robo saa na kumrudisha kwa kilomita 8 kwa saa. Jiko, kwa mfano, halifai. Aliyekumbuka jiko hasimami dakika 15.

Na akishaandika hayo, mwanafunzi makini ataitazama ile kona kali kwenye dakika ya 30, ambapo mstari unaopanda unakatika na kulala bapa papo hapo, na ataona kuna jambo moja zaidi ambalo hakuna sentensi inayoweza kulieleza vizuri: kijana alikuwa kwenye kilomita 4 kwa saa, halafu yuko kwenye sifuri, na hakuna hata sekunde moja kati yake.